Mgongo wa Barua ya Posa

Niseme tangu mwanzo kwamba mjinga wa habari hii ni mimi, msije mkapoteza muda kumtafuta mwingine, ingawa siku yenyewe mimi nilimtafuta mwingine kwa bidii kubwa, nikampata, nikamnyooshea kidole mbele ya nusu ya mtaa wa Dunda, naye maskini amesimama pale amevaa kanzu ya mkono mmoja. Kila nikikumbuka hapo natamani ardhi ipasuke, na haijawahi kupasuka hata mara moja.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya sabini, nami nilikuwa tarishi katika ofisi moja ya mazao pale Bagamoyo (jina lake nalihifadhi). Kazi ya tarishi mnaijua, unahamisha majalada kutoka meza hii hadi ile, unapeleka barua kwa baiskeli mpaka Mapinga, unarudi na vumbi la kutosha kupandia mchicha, na kabla hujaegesha baiskeli unaulizwa chai iko wapi. Mchapaji wetu alikuwa Bi Tatu, mama wa makamo mwenye miwani mizito na maneno machache, aliyeipenda mashine yake ya taipu kuliko alivyotupenda sisi sote tukikusanywa pamoja. Kila jioni aliifunika kitambaa cheupe kilichodariziwa maua mekundu, na kitambaa hicho ndicho kilichoniponza, maana mimi ndiye niliyetumwa kukichukua kwa fundi Mbaraka, mshona kanzu, ambaye binti yake Mwanahamisi ndiye aliyekidarizi. Nilikwenda kuchukua kitambaa nikarudi nacho, lakini akili niliiacha kule kule.

Basi macho ya Bi Tatu yalikuwa yameanza kuchoka, na bwana mkubwa akatamka siku moja kwamba tarishi akijifunza kupiga taipu vizuri, atafanywa karani mchapaji msaidizi. Alitamka huku anatafuta kalamu mezani, kwa hiyo sikujua kama alimaanisha (mimi mtu akiniahidi kitu hali anatafuta kalamu huwa namtilia shaka), lakini Bi Tatu alilichukua neno lile kwa uzito, akaanza kunifundisha nusu saa kila siku baada ya kazi.

Jamani, kitu kile ukikitazama kwa mbali unadhani ni kupiga piga tu. Kwanza alinifundisha kuingiza karatasi iwe sawa, isiende upande, kisha wapi pa kuweka kila kidole, na akavifunika vitufe vyote kwa gazeti ili nisichungulie, nikawa nadonoa gizani kama kuku aliyepofuka. Kengele ikilia mwisho wa mstari urudishe chombo kilichobeba karatasi kwa mkono wa kushoto, na mimi kengele ikilia nilikuwa nageuka mlangoni nikidhani mtu ameingia na baiskeli. Ukikosea herufi, unachukua kifutio kigumu cha duara, unasugua polepole mpaka kosa liondoke, na usizidishe maana utatoboa. Na jambo la mwisho alilonipigilia kichwani ni nakala. Bi Tatu alikuwa akisema barua isiyo na nakala ni barua ambayo haijaandikwa, kwa sababu kesho mtu atakana kuwa aliipokea na wewe hutakuwa na la kumwonyesha. Neno hilo lilinikaa sana, kwa kuwa mimi tangu utotoni nimekuwa nikihisi watu watakana.

Sasa tuje kwa Abdalla. Abdalla alikuwa karani wa stoo, kijana mtaratibu, suruali yake ina mkunjo mkali kama imepigwa pasi muda ule ule, na mwandiko wake ulikuwa mzuri mno, wa kulaza herufi. Mimi sikuwa na ugomvi naye mpaka nilipomwona jioni moja ameketi kwenye baraza ya fundi Mbaraka anacheka. Nikasema haya, labda amepita. Wiki iliyofuata nikamwona tena, na safari hii anapimwa kanzu. Nawauliza nyinyi, Idi imeshapita, Maulidi bado, mtu anashonesha kanzu ya nini, tena kwa fundi huyo huyo mwenye binti huyo huyo, wakati Bagamoyo ina mafundi kibao? Nikafunga hesabu kichwani mwangu, jibu likawa moja, Abdalla anamtaka Mwanahamisi, na mimi nisipoharakisha nitakula pilau ya harusi yake nikiwa mgeni mwalikwa.

Nikamwendea Mjomba Athumani, ndugu wa marehemu mama, ambaye ndiye aliyenilea na ndiye angepeleka posa. Mjomba alisema hapana tabu, ataongea na mwalimu wa chuo cha Kurani aandike barua kama anavyoziandikia nyumba zote, kwa mkono mzuri na salamu zake zilizopangika. Hapo ndipo nilipofanya uamuzi wangu, mdogo tu, wa mtu anayetaka kupendeza. Nikamwambia Mjomba barua nitaileta mwenyewe, na itakuwa imepigwa taipu. Mjomba akanitazama muda mrefu, akauliza kama ninaoa au ninaomba leseni. Nikamwambia dunia inakwenda mbele.

Kaboni, karatasi zile nyeusi za kutolea nakala, zilikuwa zinakaa stoo kwa Abdalla, kwa hiyo ilinibidi nimwombe yeye, na Alhamisi nikamwendea nikijifanya ni za Bi Tatu. Alinipa moja, mpya, akaniambia kwa upole wake ule ule, "Kondo, ukiiweka, upande unaong'aa utazame chini, kwenye karatasi ya nakala." Nikamshukuru. Nikatoka. Nikafika ukumbini nikasimama. Sikumwuliza, mbona ameniambia? Na kwa nini amelitaja jina langu, wakati nimesema kaboni ni ya Bi Tatu? (Bi Tatu mwenyewe alikuwa bado hajanionyesha kuipanga, alikuwa akiipanga yeye mimi nikiosha vikombe.) Nililala na neno hilo, nikaamka nalo, na asubuhi nilikuwa nimeshaelewa kila kitu. Abdalla ameshanusa habari ya posa, na anataka barua yangu iharibike. Mtu anayekutakia mabaya akikuambia chini, wewe weka juu.

Ijumaa adhuhuri ofisi nzima ilikwenda msikitini, Bi Tatu akaenda kwao kula. Mimi nilibaki. Ndiyo, nilikosa sala ya Ijumaa kwa ajili ya barua ya posa, na nadhani mengine yote yaliyofuata yalianzia hapo. Nikavua kitambaa cha maua mekundu, nikakikunja kwa heshima zote, nikapanga karatasi nzuri mbele, kaboni katikati, karatasi ya nakala nyuma, na ule upande unaong'aa nikauelekeza juu, nikajisikia mjanja kweli kweli.

Nikaanza kudonoa. Juu niliweka kumbukumbu namba, maana Bi Tatu alisema kila barua ina kumbukumbu namba. Chini yake nikaandika YAH: MAOMBI YA POSA, kwa herufi kubwa, nikapiga mstari. Kisha salamu, kisha nia yangu njema, kisha nikafika pahala pa kujieleza, na vidole vyangu kwa mazoea vikaandika, "Kazi yangu ni tarishi."

Nikaitazama ile tarishi. Ilikuwa imekaa mwisho wa mstari, peke yake, kama mtu aliyefukuzwa shughulini. Nikamfikiria Abdalla, karani, na mkunjo wa suruali yake. Nikakumbuka ahadi ya bwana mkubwa. Nikajiambia kama nitakuwa karani siku si nyingi, basi kuandika karani sasa ni kuuwahi ukweli tu, si kusema uongo. Nikachukua kifutio nikasugua tarishi mpaka ikaisha, karatasi ikabaki nyembamba pale, ukiiinua mwanga unapita, kisha nikarudisha chombo na mwanzo wa mstari uliofuata nikaandika, "karani mchapaji." Nikamalizia kwa wasalaam, na chini kabisa, kwa kuwa nilikuwa nimefundishwa vizuri, nikaandika: Nakala, Jalada.

Sasa natoa karatasi, naitazama ya nakala, nyeupe pe. Hakuna hata nukta. Nikasema yule mtu kanipa kaboni iliyokufa, alijua nitageuza, akatega pande zote mbili. Na hapo hapo nikasikia viatu vya Bi Tatu kwenye ngazi. Niliikunja ile barua haraka haraka, nikaona weusi weusi mgongoni mwake nikadhani ni uchafu wa kaboni, nikaitia bahasha, nikalamba, nikabandika, na Bi Tatu alipoingia alinikuta nimesimama nimekumbatia kitambaa chake kama mtoto mchanga. Aligusa mashine, akaona chombo hakipo alipokiacha, akanitazama juu ya miwani, akaketi.

Jumamosi Mjomba Athumani alipeleka barua. Jumapili baada ya alasiri akaja kuniita, na uso wake haukuwa wa mtu mwenye jibu jema. Aliniambia nivae niende, wazee wananitaka mimi mwenyewe, jambo ambalo halifanywi, maana mposaji hukaa kwao akasubiri. Nilipomwuliza kuna nini alisema tu, "Utatueleza wewe."

Tulimkuta Mzee Mbaraka kwenye baraza yake, pembeni kuna kile kioo kirefu wanachojitazamia wateja, na mezani, kando ya cherehani, ipo barua yangu imelazwa kifudifudi na kugandamizwa kwa pasi ya mkaa. Nilisema shikamoo, ikaitikiwa kwa sauti ya chini. Kaka yake mkubwa alikuwapo na wazee wengine wawili, na wanywa kahawa wa baraza ya jirani walikuwa wamesogeza bao lao karibu, kwa bahati tu. Na nani mwingine alikuwa pale, amesimama mbele ya kioo na kanzu iliyotiwa pini, mkono mmoja umeshonwa na mwingine haujaungwa? Abdalla.

Mzee Mbaraka hakuigusa barua kwa mkono. Aliondoa pasi, akaiinua kwa ncha ya mkasi wake mkubwa wa kukatia nguo, akaigeuzageuza hewani ili niione. Mbele, posa yangu. Nyuma, mistari na mistari ya maandishi meusi yanayotoka kulia kwenda kushoto, si herufi za Kizungu, si za Kiarabu, yamejaa ukurasa mzima, na mahali pamoja pana wingu jeusi limetanda juu ya maneno. Kaka mtu akasema yeye amesoma chuoni miaka saba, makombe, yale maandishi ya dawa, na hirizi ameziona, maandishi haya hayajui, na nyumba yao haijazoea kuletewa posa mbele na kitu kingine nyuma. Mzee mmoja akaongeza kwamba nia ni kuwafunga midomo waitikie tu. Mjomba Athumani alitazama viatu vyake.

Hapo ningeweza kusema sijui. Ni neno moja, lingeniokoa. Lakini mimi nilikuwa nimeshamwona Abdalla, na yote yakanipangikia kichwani kama majalada rafuni, kaboni, ushauri wa kaboni, nakala nyeupe, kanzu, na sasa maandishi ya kichawi. Nikasimama katikati ya baraza, nikanyoosha kidole, nikasema, "Mwulizeni huyu. Karatasi ilitoka kwake, na hata kanzu hiyo hajasema ni ya nini."

Abdalla akageuka polepole kwa sababu ya pini. Akasema kanzu ni ya harusi yake, anaoa Kiwangwa mwezi ujao, binti wa mkulima wa mananasi, na Mzee Mbaraka amealikwa. Mzee Mbaraka akaitikia kwa kichwa. Baraza nzima ikanitazama.

Mtu mwenye akili angeketi. Mimi nikaongeza sauti, nikasema kuoa Kiwangwa hakumzuii mtu kuroga Dunda, na kama hana hatia basi maandishi yale yasomwe, mbele ya watu wote, neno kwa neno, hata ikibidi aletwe mtaalamu kutoka Pangani. Bao likasimama. Hata aliyekuwa na zamu ya kucheza alishika kete mkononi akasahau kuzipanda.

Ndipo sauti ikatoka nyuma ya pazia la mlango, sauti ya Mwanahamisi, ya chini na ya heshima. "Baba, samahani. Hiyo ni kaboni tu, imewekwa upande si wake. Mimi nikinakili maua kwenye foronya nikikosea inatoka hivyo hivyo. Ipelekeni kwenye kioo, itasomeka."

Mzee Mbaraka yeye alisoma Kiarabu tu, herufi za shule zilimpita, kwa hiyo akaiinua barua kwa mkasi mbele ya kioo na kumwambia Abdalla, aliyekuwa amesimama pale pale, asome. Na Abdalla, mkono mmoja ndani ya kanzu na mmoja nje, akasoma kutoka kiooni kumbukumbu namba yangu, akasoma YAH: MAOMBI YA POSA (wanywa kahawa wakakohoa), akasoma salamu na nia njema. Haikuwa hirizi wala kombe, ilikuwa barua yangu mwenyewe, imegeuka tu. Niliwaona wazee wanaanza kulegea mabega, mmoja akatabasamu, na Mjomba akainua uso. Nilikuwa nimepona. Nawaambieni nilikuwa nimepona kabisa.

Abdalla akafika mahali penye wingu. Akasoma, "Kazi yangu ni," akanyamaza. Akanitazama kupitia kiooni, kisha akaruka akaanza kusoma wasalaam.

Nami nikaona ameruka. Na kwa kuwa Mungu aliniumba hivi nilivyo, nikasema kwa sauti ambayo naisikia mpaka leo, "Amepaficha pahala. Asome yote."

"Kondo," Abdalla akasema taratibu, "hapa hapana kitu cha maana."

"Soma yote."

Akasoma. "Kazi yangu ni tarishi. Mstari unaofuata, karani mchapaji."

Kifutio, ndugu zangu, kinafuta mbele tu. Nyuma nilikuwa nimeandika kwa kaboni, na mgongo wa karatasi haukusuguliwa na mtu, ulilitunza neno langu la kwanza salama salimini, nami kwa kusugua kule nilikuwa nimelizungushia wingu ili lionekane vizuri zaidi. Mzee Mbaraka akaigeuza barua kwenye mwanga, akatia jicho pale nilipopasugua, mwanga ukapenya. Hakukasirika, na hilo ndilo lililoniumiza.

"Sasa mwanangu," akasema, "anayetuposea ni yupi, huyu wa mbele au huyu wa nyuma?"

Nikamjibu kwamba ni wa nyuma. Sauti haikutoka vizuri, nikarudia. Mmoja wa wacheza bao alicheka mpaka akamwaga kahawa, na nasikia mpaka leo kuna watu wazima kule Dunda wanaoniita Wa Nyuma bila kujua jina lilitoka wapi.

Mzee Mbaraka aliikunja barua akampa Mjomba Athumani. Akasema tarishi, wao hawana neno naye, wamemwona akipita na baiskeli yake miaka miwili na hajawahi kupoteza barua ya mtu, ila huyo karani hawamjui, basi Mjomba arudi naye, na kama tarishi ana haja ataandika kwa mkono wake mwenyewe. Kisha akanitaka nimwombe Abdalla radhi, na nilimwomba, na Abdalla akanipa mkono ule uliokuwa nje ya kanzu. Sikuthubutu kutazama pazia.

Jumatatu nilimweleza Bi Tatu yote, pamoja na ile Ijumaa, maana nilihisi ataambiwa tu. Alinisikiliza mpaka mwisho, akachukua kaboni, akanishika kidole akakipitisha kwenye upande unaong'aa, kikawa cheusi. Akasema upande unaochafua ndio unaoandika, uelekeze pale unapotaka maneno yako yabaki. Kisha akanifundisha nusu saa yangu kama kawaida.

Barua ya pili niliiandika kwa kalamu, mistari sita, tarishi ikiwa mstari wa kwanza. Walituweka miezi mitatu bila jibu, miezi ambayo nilimshuku kila mwanamume aliyepeleka kitambaa kwa fundi Mbaraka, kisha jibu likaja, na likawa jema. Abdalla alikuja harusini na mkewe wa Kiwangwa, amevaa kanzu ile ile, mikono yote miwili.

Tangu siku hiyo nimeapa mambo mawili, kutofanya kinyume cha alivyonielekeza mtu kabla sijamwuliza, na kutodai kitu kisomwe mbele za watu kabla sijakisoma mimi. La pili nalitimiza. La kwanza linanishinda mara kwa mara, siwezi kusema uongo tena, nimeshaona faida yake.

Mwaka mmoja baada ya harusi bwana mkubwa alikumbuka ahadi yake, nikapewa barua ya kuteuliwa karani mchapaji msaidizi, imepigwa taipu na Bi Tatu mwenyewe. Nilikimbia nayo nyumbani. Mwanahamisi alikuwa anadarizi, akaiweka sindano chini, akaipokea barua, hakusoma mbele. Aliigeuza, akautazama mgongo wake, akainuka, akaenda kuisimamisha mbele ya kioo, akakaa pale kidogo.

"Nyuma peupe," akasema. "Basi safari hii ni kweli."